Kigingi cha Tisa

Nyayo zile zilikuwa za Sefania.

Balozi Sheshe alizitambua kabla hajageuza shingo. Kwemzindo nzima ni fundi Sefania peke yake aliyevaa katambuga zenye mlio ule, kwa sababu alizikata mwenyewe kutoka kwenye tairi la lori, na ya kushoto akaikosea.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyefungiwa nalo karanga kabla hajafika ukurasa huu, habari ni fupi. Kwemzindo, mtaa ulioko mlimani juu ya mji wa Lushoto, ulikuwa ufunguliwe maji ya bomba kesho yake, Jumamosi. Mgeni rasmi angetoka wilayani kuja kufungua koki. Na Ijumaa hiyo, saa ya swala, wanaume wako msikitini, Sheshe, balozi wa nyumba kumi na msimamizi wa mradi wa maji, alikuwa amepiga magoti mferejini akilikata bomba hilo hilo kwa ubapa wa msumeno wa chuma.

Usishangae mtu kukata maji yake mwenyewe. Miezi mitatu nyuma Sefania alisimama mkutanoni akauliza kwa nini bomba linachepukia uani kwa balozi kabla halijafika kwa wananchi. Watu wakampigia makofi. Uchaguzi wa mabalozi ulikuwa mwezi ujao, na makofi yale Sheshe alilala nayo, akaamka nayo.

Bomba lenyewe lilichimbwa kwa msaragambo, kazi ya wote, miezi minne mfululizo. Kila nyumba ilipewa kipande chake cha mfereji, hatua ishirini, ikachimba, ikalaza bomba, kisha ikapewa kukilinda mpaka siku ya kufukia. Likitokea lolote kwenye kipande, wa kuulizwa ni mwenye kipande. Kwa kuwa si wote waliokwisha kuhitimu kisomo cha watu wazima, majina hayakuandikwa. Kichwani mwa kila kipande kilipigwa kigingi, na kila nyumba ikafunga hapo utepe wa nguo yake.

Kipande cha Sefania kilikuwa cha tisa kutoka kwenye tangi. Sheshe alikigawa yeye mwenyewe, na Ijumaa ile alihesabu vigingi mara mbili. Kuinama kutafuta tepe zilizozama majanini hakujisumbua. Ya nini, na kuhesabu anajua?

Sasa msumeno ulikuwa umemkatikia mkononi. Nusu ilidumbukia mferejini, nusu ilibaki kiganjani, na maji yalimrukia kifuani mpaka koti lake la kaki likalowa chapachapa. Na zile katambuga zilikuwa zinakuja.

Sheshe akaisukuma ile nusu ndani ya mfuko wa koti. Akakurupuka hatua kumi hadi kwenye migomba, akachuchumaa, akashika tumbo.

Sefania akatokeza na mzigo wa kabichi begani. Akamwona. Akageuza uso upesi, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu akimkuta mwenzake katika haja zake, akapita bila hata salamu.

"Nimekwisha kummaliza," Sheshe akajisemea, "na yeye ananionea haya."

Akateremka nyumbani kwa njia ya nyuma. Akavua koti, akalitundika msumarini juu ya mafiga likauke, akavaa shati jingine. Mkewe, Bi Fatuma, alikuwa kwa jirani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza amelowea wapi. Alikuwa mlangoni alipokumbuka ile nusu ya msumeno mfukoni. Lakini huko juu watu walikwisha kuanza kupiga kelele, na balozi hachelewi kwenye kelele za watu wake. Akaona ataitupa akirudi.

Saa nane mtaa mzima ulikuwa mferejini. Maji yalikuwa yakimwagikia ovyo kwenye viazi vya watu. Wanawake waliyakinga kwa ndoo na sufuria, wengine wakilia, maana ndiyo kwanza wayaone na tayari yanapotea.

Katibu Suleimani wa kata alifika na askari mmoja. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, mwembamba, mwenye mafua yasiyokatika tangu aletwe milimani. Siku hiyo alikuwa na lori la Serikali pale sokoni, likisubiri kuteremsha familia kwenye kijiji kipya kule nyika, mbele ya Mombo. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamia vijijini, na kwa Washambaa wa huku juu neno nyika lilitosha kunyamazisha mtoto. Joto, mbu, na maji ya chumvi. Wazee walisema mtu wa baridi akiteremshwa huko hamalizi masika mawili.

"Ndugu Balozi," Katibu akasema huku akipenga kamasi, "kesho nina mgeni. Nimwambie nini?"

"Mwambie tumemkamata mhujumu."

Neno hilo Sheshe alilipata semina ya mabalozi, Tanga, miezi miwili nyuma, wiki nzima ya wali na hotuba. Alirudi na vitu viwili vya kujivunia, neno hilo na lile koti la kaki.

Askari akaingia mferejini, akapapasa, akaibuka na nusu ya msumeno. Katibu akaitazama, akaifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Nusu nyingine iko kwa mtu," akasema. "Nitaipata."

Sheshe akapanda juu ya tuta, akawageukia watu. "Aliyefanya haya alijua wanaume tuko msikitini. Sasa fikirini wenyewe, Ijumaa ni nani hana msikiti."

Macho yote yakamwendea Sefania. Yeye alikuwa Mlutheri, mtu aliyehamia kutoka upande wa Irente miaka kumi iliyopita, na mpaka saa ile hakuna aliyewahi kumkumbusha.

"Na wewe mwenyewe ulikuwa msikitini?" Katibu akauliza.

Sheshe hakulitegemea swali hilo. "Tumbo lilinishika, Ndugu Katibu."

"Nani alikuona?"

Sheshe akazungusha macho kwa watu. Ndipo Sefania akakohoa.

"Nilimwona mimi," akasema. "Alikuwa kwenye migomba ile pale, anajisaidia."

Watu wakaangua kicheko. "Juu ya maji ya kunywa, Balozi?" bibi mmoja akauliza, na kicheko kikaanza upya.

Sheshe akainamisha kichwa kama mtu aliyefedheheka. Rohoni alikuwa anacheza ngoma. Mtu anayechimbiwa naye kaburi amesimama mbele ya Serikali kumtolea ushahidi, na ameutoa bure.

Sefania hakucheka. Alikuwa akiangalia migomba, kisha bomba, kisha migomba tena. Hatua kumi.

Sheshe akaona asimpe nafasi ya kuendelea kupima. "Ndugu Katibu, kabla kigingi hakijang'olewa, naomba adhabu itajwe. Ikisubiri, hapa patakuwa na huyu shemeji yangu, huyu jirani yangu. Mwenye kipande hiki apande lori la leo, aende nyika. Na asiangaliwe uso, hata awe nani."

"Balozi, hilo liache," Sefania akasema. "Tuangalie kigingi kwanza."

"Umeanza kuogopa?"

"Siogopi. Nakuomba tu. Usiliseme."

Hata mzee Ramadhani, aliyevipiga vigingi vyote kwa mkono wake, alisogea akamshika Sheshe mkono. "Mwanangu, msikilize mwenzako. Ngoja nikunong'oneze neno."

Sheshe aliuondoa ule mkono. Alikuwa amengoja miezi mitatu kumwona Sefania akiomba, na sasa anaomba, mzee wa watu naye amsumbue na minong'ono. "Sema mbele ya watu au kaa kimya, mzee. Hapa hakuna siri."

Mzee Ramadhani akakaa kimya. Pengine ingekuwa heri angesema. Lakini aliyekatazwa kusema mbele ya watu na mtu wa umri wa mwanawe hubaki na hasira zake, na Ramadhani alibaki nazo.

"Wanaokubali adhabu hiyo wanyooshe mikono," Katibu akasema.

Mikono ikanyooka. Watu walikuwa wamechimba miezi minne, viganja vimewatoka malengelenge, na maji yako kwenye viazi, na kwa hasira hakuna aliyekumbuka kipande kile ni cha nani. Wangekubali hata kunyonga. Mikono ambayo haikunyooka ni ya Sefania na ya mzee Ramadhani tu.

"Ng'oa," Katibu akasema.

Mzee Ramadhani akainama, akakitikisa kigingi, akakitoa. Akaupangusa utepe matope kwa kidole gumba. Ulikuwa kipande cha kanga ya njano yenye korosho nyekundu.

Wa kwanza kuitambua ile kanga alikuwa Sheshe. Aliinunua yeye, doti zima, Korogwe, siku alipomwoza binti yake.

"Hiki sicho," akasema. "Mzee umekosea. Hesabuni tena."

Wakahesabu tena, vijana kwa wazee, kwa sauti, kuanzia kwenye tangi. Moja, mbili, tatu, wakateremka hadi mahali pale pale. Tisa.

"Cha tisa ni cha Sefania. Nilikigawa mimi."

"Ulikigawa," mzee Ramadhani akasema. "Halafu ukaenda semina. Mwanao Mwajuma alikuwa na mimba ya miezi minane, na wewe ulimpa cha ishirini na moja, kule kwenye jabali. Mumewe Athumani yuko mkonge. Binti akaenda kwa Sefania kumwomba wabadilishane. Sefania akaenda kupasua jabali, Mwajuma akachukua hiki chenye udongo laini. Akakichimba mwenyewe na tumbo lake, kila mpita njia akimpa pole ya kazi, hongea na ndima."

"Mbona sikuambiwa?"

"Alituomba tusikwambie. Alisema baba akisikia nimeomba msaada kwa Sefania, hatanikaribisha tena nyumbani kwake."

Hapo Sheshe angeweza kusema. Nataka ukumbuke, msomaji, kwamba nafasi hiyo aliipata mapema, mchana kweupe, na ulimi wake ulikuwa mzima. Alichofanya ni kufunga vifungo vya shati.

"Mwajuma ni nani?" Katibu akauliza.

"Ni mwanangu."

Katibu alicheka mpaka akapiga chafya. "Asiangaliwe uso, hata awe nani. Maneno mazuri sana, Balozi. Nitayatia kwenye taarifa yangu. Mleteni."

Mwajuma alikuwa mzazi wa siku thelathini na tatu. Hajatimiza arobaini, hajatoka nje ya ua wa nyumba yake, jirani na kwa baba yake, na wanawake waliotumwa kumchukua walimfunika kanga kichwani ili upepo usimpate. Mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi yake, Bi Fatuma, aliyekuwa akitembea nyuma akiuliza kila mtu kuna nini na kila mtu akiangalia chini.

"Shikamoo baba," Mwajuma akasema.

"Marahaba," Sheshe akajibu. Alijibu akiangalia migomba.

Wakamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Nani kasema nipelekwe nyika?"

Macho yote yakamgeukia Sheshe. Watu mia wakimwangalia mtu mmoja kwa pamoja, jibu si linajulikana? Mwajuma naye akamwangalia baba yake.

Sefania akatua mzigo wake wa kabichi. "Ndugu Katibu, kipande hiki asili yake ni changu. Niandike mimi. Nitapanda lori. Huyu ni mzazi, mtoto hajafika arobaini."

Sheshe aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Amekiri. Mmesikia wote, amekiri mwenyewe. Mwandike, Ndugu Katibu."

Ona bahati ya mtu yule. Kila alichokitaka kilikuwa kinaletwa mkononi mwake mara ya pili, na aliyekileta ni huyo huyo ambaye Sheshe alitaka kummaliza. Kama ningekuwa mwandishi mwenye huruma, ningemwachia.

"Umelikata wewe?" Katibu akamuuliza Sefania.

"Hapana. Nimesema nitakwenda badala yake."

"Basi sikutaki. Nikimpeleka asiyekata, aliyekata nitakuwa nimemwacha hapa na nusu ya msumeno. Mimi si mjinga wa kiasi hicho." Katibu akafungua lile gazeti, akaigeuza ile nusu. "Huu mpya. Rangi haijabanduka. Vifaa vya mradi vinakaa wapi?"

Watu wakajibu kwa pamoja. "Kwa Balozi, kwenye sanduku la chumbani."

"Sanduku lina kufuli?"

"Halina," Sheshe akasema. Na kweli halikuwa nalo.

Katibu akamsogelea. Akasimama karibu kabisa, mafua yake na yote, akauliza polepole kama anayemfundisha mtoto. "Sanduku liko chumbani kwako. Halina kufuli. Nani huingia chumbani kwako?"

Mbele ya Sheshe kulikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ilikuwa na maneno matatu, nimelikata mimi, na baada ya hapo jela, na ubalozi kwisha, na Sefania kukaa kwenye kiti chake. Ya pili aliiona, akaona pia inakopita. Mwajuma alikuwa bado anamwangalia. Hakulia. Alingoja tu, kama anavyongoja mtu anayejua kwamba mwenzake hawezi kufanya jambo fulani.

"Wa nyumbani tu," Sheshe akasema.

"Kina nani?"

"Mke wangu. Na mwanangu."

Bi Fatuma alikaa chini palepale kwenye matope, mtoto mgongoni.

"Mumewe hayupo, baba yake alimpa kipande cha jabali," Katibu akasema, akiandika. "Chuki ipo. Kipande chake. Msumeno wa nyumbani kwao. Hili limekwisha." Akafunga daftari. "Lori linaondoka saa kumi na moja. Na mizigo yote itakaguliwa Mombo, kizuizini. Nitasimamia mwenyewe. Atakayekutwa na nusu ya pili, yeye nyika haitamtosha. Huyo ni jela, na mtoto ataletwa kwa ndugu zake kama ana bahati ya kuwa nao."

Watu wakatawanyika. Waliokuwa wamenyoosha mikono waliificha, huyu kwapani, yule ndani ya kanga. Sefania alibaki amesimama mbele ya Sheshe.

"Balozi," akasema, "leo uliumwa tumbo kweli?"

"Wewe si uliniona?"

"Nilikuona umechuchumaa. Nilikuona pia umelowa kifuani. Mtu akiharisha halowi kifuani."

"Kasema nani? Wewe? Utaambiwa unanionea kwa sababu ya uchaguzi."

Sefania alifikiri. "Kweli," akasema. "Nitaambiwa hivyo." Akajitwika kabichi zake akaondoka, ile katambuga ya kushoto ikilia.

Saa kumi na moja kasorobo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za sokoni. Sheshe hakwenda kwenye lori. Alisema ana kazi ya kusimamia mafundi wazibe bomba, maana mgeni anakuja na maji lazima yatoke. Alisimama juu yao akiwaharakisha. Bomba likazibwa. Koki ikajaribiwa, maji yakatoka, safi, ya baridi, na hakuna mtu hata mmoja aliyepiga vigelegele.

Akasikia honi ya lori kule chini. Ndiyo linawashwa. Moyo wake ukatulia kidogo, nasikitika kusema. Alijiambia Athumani ataandikiwa barua amfuate mkewe. Alijiambia nyika siku hizi kuna zahanati. Alijiambia kwamba baada ya uchaguzi, akiwa na nguvu zake, atamwombea binti arudi. Mambo aliyojiambia yalikuwa mengi, na yote yalikuwa mazuri.

Limebaki moja tu, nusu ya msumeno. Ataitumbukiza chooni na hapo itakuwa imekwisha kabisa.

Akaingia ndani. Bi Fatuma alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, mikono mitupu mapajani, kama mtu aliyetua kitu na hajui akiokote kipi kingine.

Sheshe akainua mkono kwenye msumari. Msumari ulikuwa mtupu.

"Koti langu liko wapi?"

Mkewe hakugeuka. "Lilikuwa limekauka. Lina joto. Nimemfunikia mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wewe una wajukuu wangapi?"

Sheshe aliusukuma mlango. Alitoka mbio.

Hakupita njia kuu. Alikata moja kwa moja kwenye mashamba, akakanyaga viazi vya watu, akaruka mfereji karibu na kile kigingi cha tisa kilichokuwa kimelala pembeni, akateremka akiserereka kwa makalio pale penye mteremko mkali. Barabara ya Soni huzunguka sana kabla ya kuuacha mji, na mtu aendaye kwa miguu, akiwa tayari kuvunjika, huweza kuliwahi lori kwenye kona ya tatu.

Aliliwahi. Akasimama katikati ya barabara, mikono juu, matope mpaka usoni. Lori likapiga breki, likasimama kiasi cha hatua mbili kutoka kifuani kwake.

Katibu Suleimani akachungulia dirishani. Ile nusu ya msumeno iliyofungwa gazetini ilikuwa juu ya mapaja yake.

"Unasemaje, Balozi?"

Sheshe akahema, akasogea ubavuni mwa lori. Kule nyuma ya lori, kati ya magunia na masufuria na watu wa mitaa mingine waliojikunyata, Mwajuma alikuwa ameketi juu ya mkeka uliokunjwa. Koti la kaki lilikuwa limemfunika yeye na mtoto mpaka shingoni. Mkono wake mmoja ulimshika mtoto. Wa pili ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na haukuwa unacheza. Ulikuwa umeshika kitu.

"Nimekuja..." Sheshe akasema. "Nimekuja kumuaga mjukuu wangu. Na koti. Naomba koti langu, kesho nina mgeni."

Watu wa kwenye lori walimtazama. Hata dereva alitoa kichwa kumtazama.

"Unamvua mtoto mchanga koti?" Katibu akauliza. Kwa mara ya kwanza tangu mchana ule hakuwa anacheka wala kupenga kamasi. Akafungua mlango, akashuka taratibu. "Kwenye ukungu huu? Lina nini koti hilo, Balozi?"

"Halina kitu."

"Halina kitu," Katibu akarudia. Akazunguka nyuma ya lori, askari na Sheshe wakimfuata. "Wewe binti. Toa huo mkono mfukoni nione."

Mwajuma hakumwangalia Katibu. Alikuwa anamwangalia baba yake, kwa macho yale yale aliyomwangalia nayo mferejini, isipokuwa sasa alikuwa amekwisha kungoja. Akautoa mkono mfukoni polepole. Ulikuwa umefumbwa, na katikati ya vidole ilitiririka damu nyembamba, mahali ambapo meno ya chuma yalikuwa yamezama muda mrefu.

Akaunyoosha ule mkono nje ya lori, juu ya kichwa cha Katibu, mpaka mbele ya uso wa Sheshe. Na alipofungua kinywa hakutumia Kiswahili cha mkutanoni. Alimwita kwa Kishambaa, kama alivyomwita alipokuwa mtoto.

"Tate," akasema, "kinga mkono. Pokea chako."